Robert Koch: Daktari wa kifua kikuu aliyepita Tanga na Usambara

Kila ifikapo tarehe 24 Machi, Tanzania huungana na mataifa mengine kuadhimisha Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Katika maadhimisho hayo hutolewa hotuba, husomwa takwimu za wagonjwa walioibuliwa, na wananchi hukumbushwa kwamba mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi hana budi kwenda kupima. Kinachotajwa kwa nadra ni sababu ya kuchaguliwa kwa tarehe hiyo. Jioni ya tarehe 24 Machi 1882, daktari mwenye umri wa miaka 38 alisimama mbele ya wanachama wa Jumuiya ya Fiziolojia ya Berlin na kuwaeleza kuwa ugonjwa uliokuwa ukiua takribani mtu mmoja kati ya saba husababishwa na bakteria, na kwamba bakteria huyo alikuwa pale mezani, chini ya hadubini, kwa yeyote aliyetaka kumwona. Daktari huyo ni Robert Koch.

Wanafunzi wote wa udaktari, uuguzi na maabara nchini hulisikia jina lake katika mwaka wa kwanza wa masomo. Wachache miongoni mwao hufahamu kwamba mtu huyo alifika katika ardhi hii zaidi ya mara moja, kwamba alifanya utafiti katika milima ya Usambara, na kwamba baadhi ya maandiko yake mashuhuri yalitokana na damu, mifugo, wadudu na maarifa ya watu wa ukanda wa pwani.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, ulio katika eneo la migodi kaskazini mwa Ujerumani. Alikuwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto 13, na baba yake alikuwa mtumishi wa migodi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen kuanzia mwaka 1862 hadi 1866. Mmoja wa walimu wake huko alikuwa Jakob Henle, msomi ambaye miaka mingi kabla alikwisha kudai kuwa magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai visivyoonekana kwa macho. Henle hakuwa na njia ya kulithibitisha dai hilo. Mwanafunzi wake ndiye aliyekuja kuipata.

Ndoto ya ujana wa Koch ilikuwa kusafiri nchi za mbali, lakini maisha yalimpeleka kwanza vijijini. Mwaka 1867 alimwoa Emmy Fraatz, wakapata binti mmoja, Gertrud, na kuanzia mwaka 1872 akawa mganga wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Kazi yake ilikuwa ileile wanayoifanya waganga wa wilaya hadi leo: kutibu, kuchanja, kuandika taarifa, kukagua. Sehemu ya chumba chake cha kuwaonea wagonjwa aliitenga kwa pazia na kuifanya maabara.

Wafugaji wa wilaya hiyo walikuwa wakipoteza kondoo na ng'ombe kwa ugonjwa wa kimeta. Koch alichukua damu ya mnyama aliyekufa, akaichovya kwenye kijiti kilichochongwa na kumchanja panya. Panya alipokufa, alichukua damu ya panya huyo na kumchanja mwingine, akaendelea hivyo mmoja baada ya mwingine. Alimkuza bakteria katika majimaji ya jicho la ng'ombe na kugundua kuwa, hali ya maisha inapokuwa ngumu, kiumbe huyo hujifunga katika umbo la mbegu ngumu inayoweza kukaa ardhini kwa miaka. Malisho yaliyoonekana salama yaliendelea kuua mifugo kwa sababu hiyo. Mwaka 1876 alifunga vifaa vyake na kwenda Breslau kuwaonyesha wasomi wa chuo kikuu, na andiko lake la kimeta likachapishwa mwaka huohuo. Kwa mara ya kwanza katika historia ya tiba, bakteria mmoja alikuwa amefungwa kwa ushahidi kamili na ugonjwa mmoja.

Andiko lililofuata, la mwaka 1878, lilihusu maambukizi ya vidonda. Baada ya kuhamishiwa Berlin mwaka 1880 katika Ofisi ya Afya ya Dola, yeye pamoja na wasaidizi wake Gaffky na Löffler walichapisha matokeo ya majaribio ya kuua vijidudu kwa mvuke wa maji yanayochemka. Kazi hiyo haina sifa kubwa kama ile ya kifua kikuu, lakini matunda yake yako karibu zaidi na maisha ya kila siku. Mashine ya mvuke inayotakasa mikasi, vibanio na vitambaa katika chumba cha kujifungulia, iwe Bombo, Muheza au katika kituo cha afya cha kijijini, imejengwa juu ya kanuni iliyopimwa katika majaribio hayo. Katika karne ile ya 19 homa ya uzazi ilikuwa ikiwaua akina mama wengi katika wodi za Ulaya, mara nyingi kwa mikono na vifaa vya madaktari wenyewe.

Koch alikuwa mwalimu wa vitendo kuliko wa hotuba. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchapisha picha za bakteria zilizopigwa kupitia hadubini, kwa sababu alichoshwa na michoro ambayo kila msomi aliichora apendavyo. Alitafuta njia ya kumtenga bakteria wa aina moja asichanganyike na wengine, akaanza na vipande vya kiazi kilichochemshwa, kisha jelatini. Jelatini iliyeyuka kwa joto. Ufumbuzi ulitoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa daktari mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika maabara hiyo, alipendekeza itumiwe agari, utomvu wa mwani uliokuwa ukigandisha vyakula vyake hata siku za joto. Mwani huo ni wa aina tofauti na ule unaolimwa leo na akina mama wa Tanga, Pemba na Unguja, lakini ni wa jamaa ya mazao hayohayo ya bahari. Katika maandiko ya Koch agari imetajwa kwa ufupi sana, na jina la mama huyo halimo.

Kwa vifaa hivyo alikipata kifua kikuu mwaka 1882. Mwaka 1883 alipelekwa Misri na baadaye Calcutta, India, ambako alimtambua bakteria wa kipindupindu na kuonyesha jinsi anavyosafiri kwa maji machafu. Mwaka 1885 akawa profesa wa elimu ya afya katika Chuo Kikuu cha Berlin, na madaktari kutoka nchi mbalimbali wakawa wanamiminika kujifunza kozi zake za maabara. Shibasaburo Kitasato wa Japani, Emil von Behring na Paul Ehrlich ni baadhi ya waliopita mikononi mwake.

Kisha likaja anguko. Mnamo Agosti 1890, mbele ya mkutano wa kimataifa wa madaktari mjini Berlin, Koch alitangaza kuwa amepata kitu kinachoweza kuzuia kifua kikuu. Dawa hiyo, tuberkulini, ilitolewa ikiwa siri, bila ya muundo wake kuelezwa. Wagonjwa walisafiri kutoka kila pembe ya Ulaya, wengine wakiwa mahututi. Baada ya miezi michache ilidhihirika kwamba haiponyi, na kwamba baadhi ya waliodungwa walikufa. Koch aliondoka kwenda Misri lawama zikiwa bado zinavuma. Jambo la ajabu ni kuwa tuberkulini haikutupwa. Ngozi ya mtu mwenye maambukizi huvimba inapodungwa, na kwa hiyo dawa iliyoshindwa kuponya ikawa kipimo. Hadi leo kipimo hicho cha ngozi hutumika kusaidia kuwatambua watoto walioambukizwa, na madaktari wa mifugo hukitumia kupima ng'ombe.

Maisha yake ya nyumbani nayo yalibadilika. Mwaka 1893 aliachana na Emmy na kumwoa Hedwig Freiberg, mwanamke aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 30. Berlin ilisema mengi. Miaka iliyofuata, yule kijana aliyetamani nchi za mbali alikuwa safarini mara kwa mara, na Hedwig aliongozana naye katika safari kadhaa.

Mwishoni mwa mwaka 1896 alikwenda Kimberley, Afrika Kusini, kutafuta kinga ya sotoka, ugonjwa ambao miaka michache kabla ulikuwa umewafukarisha wafugaji wa Afrika Mashariki. Kutoka huko alipelekwa India kuchunguza tauni. Akiwa njiani kurejea, mwaka 1897, alishuka Dar es Salaam.

Nchi aliyoikuta ilikuwa chini ya utawala wa Wajerumani kwa miaka michache tu. Abushiri alikuwa amenyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, na upinzani wa watu wa pwani ulikuwa umezimwa kwa mizinga. Katika Usambara Mashariki walowezi walikuwa wamekwishafyeka misitu na kupanda kahawa, mkonge ulikuwa umeletwa mwaka 1893, na reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka huohuo ilikuwa imefika Muheza. Mashamba na reli vilihitaji nguvukazi, na homa ilikuwa ikiwalaza wasimamizi na vibarua. Utafiti wa Koch ulilipiwa na serikali ya kikoloni kwa ajili hiyo, na haiwezekani kuyasoma maandiko yake ya Afrika Mashariki vizuri bila ya kulikumbuka jambo hilo.

Huko Dar es Salaam alichunguza damu za wagonjwa wa malaria na wa homa ya mkojo mweusi, akashikilia kwamba homa hiyo ya pili husababishwa na kwinini yenyewe, dai lililozua ubishi mkali miongoni mwa madaktari wa nchi za joto. Swali lililomleta Usambara lilikuwa la kiserikali zaidi: je, milima ile iko salama kiasi cha Wazungu kuweza kuishi? Alipanda hadi Kwai, katika Usambara Magharibi, kulikokuwa na kituo cha kilimo.

Jibu alilopata kuhusu milima halikumshangaza mtu. Jambo lililobaki katika historia ni maelezo aliyoyasikia kutoka kwa wenyeji. Wasambaa walifahamu kuwa mtu aliyekaa milimani hapati homa ile, bali huipata anaposhuka tambarare na kulala huko, kisha hurudi nayo. Waliieleza sababu yake pia: huko chini kuna wadudu wanaouma. Ugonjwa waliuita kwa jina lilelile la mdudu, mbu.

Koch aliliandika neno hilo katika ripoti yake. Uzito wake unaonekana mtu akitazama kalenda. Tarehe 20 Agosti 1897, Ronald Ross alikuwa amekiona kimelea cha malaria katika tumbo la mbu huko India, lakini mzunguko mzima haukuwa umethibitishwa, na madaktari wengi wa Ulaya walikuwa bado wanaamini kuwa homa hutoka kwenye hewa chafu ya mabwawa, imani ambayo ndiyo asili ya neno malaria. Milimani Usambara, watu wasio na hadubini walikuwa wamekwishaunganisha ugonjwa, mahali na mdudu katika neno moja. Ripoti za safari hiyo zilichapishwa Berlin mwaka 1898 katika kitabu kimoja, pamoja na zile za sotoka, tauni na magonjwa ya mifugo. Mtu au watu waliomweleza hawakutajwa.

Kwai palimsaidia pia katika suala la mifugo. Alichukua kupe wachanga waliotokana na ng'ombe wagonjwa wa pwani na kuwapeleka milimani, ambako ugonjwa haukuwepo, akaona ng'ombe wazima wakiambukizwa. Hata hivyo alifanya kosa. Ugonjwa uliokuwa ukiua ng'ombe pwani aliudhania kuwa ni ule uliojulikana Marekani kwa jina la homa ya Texas. Miaka michache baadaye ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki waliingiza maradhi hayo Rhodesia, na maelfu ya mifugo wakafa. Koch aliitwa huko mwaka 1903 na ndipo yeye na wengine walipotambua kuwa ni ugonjwa tofauti kabisa. Wataalamu wa dunia waliupa jina la pwani hii. Wafugaji wa Tanga, mkoa ambao leo una sifa ya ng'ombe wa maziwa, huujua kwa jina la ndigana kali, na bado wanapambana nao kwa kuogesha na kuchanja.

Kati ya safari hizo mbili Koch alikwenda Java na Guinea Mpya, mwaka 1899 na 1900, na huko aliona jambo lililobadilisha elimu ya malaria. Katika vijiji vyenye malaria ya kudumu, vimelea vilijaa katika damu ya watoto wadogo, ilhali watu wazima walikuwa navyo kwa uchache au hawakuwa navyo kabisa. Alieleza kuwa kinga hujengeka taratibu, kwa kuugua tena na tena utotoni, na kwa wale wanaonusurika. Akapendekeza ugonjwa uwindwe kwa hadubini: kila mtu apimwe damu, na kila mwenye vimelea apewe kwinini, hata kama anajiona mzima. Dar es Salaam ilifanywa uwanja wa majaribio ya mpango huo kuanzia mwaka 1901. Malaria haikufutika, kwa kuwa watu walikuwa wakiingia na kutoka mjini kila siku, na kwinini ni chungu.

Picha ile ya kinga ilikuja kuchunguzwa upya katika mkoa wa Tanga. Kuanzia miaka ya 1930 Dkt. Donald Bagster Wilson, daktari wa serikali ya Tanganyika, alichunguza damu za watu wa vijijini Tanga na Muheza. Alionyesha kwamba karibu kila mtoto mchanga huambukizwa mapema, na kwamba gharama ya kinga ya mtu mzima hulipwa na watoto. Watafiti waliofuata walibaini kasoro nyingine katika picha hiyo: mwanamke mwenye kinga hupungukiwa nayo anapobeba mimba, hasa ile ya kwanza, kwa sababu vimelea hujificha katika kondo la nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa kituo cha utafiti uliowafuatilia akina mama wakati wa kujifungua pamoja na watoto wao, ili kuelewa jinsi malaria ya mama inavyomwathiri mtoto. Dawa ya SP na chandarua anachopewa mjamzito kliniki vina mizizi katika mlolongo huo wa tafiti.

Koch alistaafu uongozi wa taasisi yake mwaka 1904, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata alirudi Afrika Mashariki. Safari hii alishughulikia homa iliyokuwa ikiwaangusha wasafiri wa misafara, ikipoa na kurudi kila baada ya siku chache. Wenyeji walikwishamjua mhusika wake: papasi, mdudu wa jamaa ya kupe anayejificha kwenye vumbi la sakafu za vibanda na kutoka usiku. Koch alifukua udongo wa vibanda vya kupumzikia wasafiri, akakusanya papasi na kuwapasua. Alivikuta vijidudu vya homa hiyo katika mayai yao, akathibitisha kuwa papasi jike huurithisha ugonjwa kwa kizazi chake. Ndiyo sababu kibanda kilichohamwa kwa muda mrefu kiliweza bado kumwambukiza aliyelala humo. Ushauri wake kwa wasafiri ulikuwa rahisi: wasilale katika vibanda vya zamani wala karibu navyo. Wakati huohuo watafiti wawili waliokuwa Kongo, Dutton na Todd, walifikia hitimisho lilelile kuhusu papasi. Dutton aliambukizwa na kufariki, na kijidudu hicho sasa kinaitwa kwa jina lake.

Sehemu ya kazi zake za miaka hiyo aliifanya Amani, katika Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walikuwa wameanzisha taasisi ya biolojia na kilimo mwaka 1902. Palikuwa na maktaba, bustani ya mimea, hali ya hewa ya kupoa na, si mbali, mbung'o wa kuchunguza. Amani iliendelea kuwa makao ya utafiti chini ya Waingereza, ikawa kituo cha malaria cha Afrika Mashariki katika miaka ya 1950, na baada ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kuundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ikawa moja ya vituo vyake.

Mwezi Desemba 1905, miezi michache baada ya kurejea Ulaya, Koch alipokea Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kazi yake ya kifua kikuu. Angeweza kupumzika. Mwaka 1906 alirudi tena, sasa akiongoza msafara wa kuchunguza malale, ugonjwa uliokuwa umeua watu wengi mno kandokando ya Ziwa Victoria. Baada ya kupitia Mwanza alihamia visiwa vya Sese, Uganda, kwa ruhusa ya Waingereza, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wengi zaidi huko.

Sura hii ni nzito kuliko zote katika maisha yake. Koch aliwatibu mamia ya wagonjwa kwa atoksili, dawa yenye arseniki. Mwanzoni matokeo yalionekana mazuri: vimelea vilitoweka katika damu, watu waliokuwa wakibebwa wakaanza kutembea, na taarifa za kufurahisha zikapelekwa Berlin. Kisha vimelea vikarudi. Koch akaongeza dozi. Zaidi ya wagonjwa ishirini walipofuka, na macho yao hayakurudi. Alipoona hivyo alisitisha dozi hizo kubwa, lakini hakuna katika taarifa zake panapoonyesha kuwa wagonjwa walielezwa hatari kabla ya kudungwa, wala kwamba walipewa nafasi ya kukataa. Taarifa yake ya mwisho ilipendekeza wagonjwa wakusanywe na kutengwa katika kambi, vichaka vya kandokando ya maji vifyekwe na mamba wauawe, kwa kuwa aliamini mbung'o huishi kwa damu ya mamba. Kambi hizo zilijengwa, nyingine kwenye upande wa Bukoba na Shirati, na watu walizikimbia.

Wapo wanaomtetea kwa kusema kuwa ndivyo tiba ilivyofanywa enzi zile. Utetezi huo hautoshi. Katika Ujerumani yenyewe, serikali ya Prussia ilikwishatoa agizo mwaka 1900 kwamba majaribio yasiyo ya tiba yasifanywe kwa mtu bila ridhaa yake baada ya kuelezwa madhara. Agizo hilo halikuhusu tiba, na halikuvuka bahari. Leo utafiti wowote wa afya nchini, uwe wa chanjo ya malaria kama ule uliofanyika Korogwe au wa dawa mpya ya kifua kikuu, haufanyiki bila ya kibali cha Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya, na mshiriki husaini au huweka dole gumba baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu.

Kosa lake jingine liligusa maziwa. Mwaka 1901, katika mkutano mjini London, alitangaza kuwa kifua kikuu cha ng'ombe si hatari kubwa kwa binadamu. Tume ya Uingereza ilifanya utafiti kwa miaka kadhaa na kuonyesha kwamba alikosea, hasa kwa watoto wanaokunywa maziwa mabichi. Maziwa yachemshwe, awe ng'ombe wa nani.

Koch alirejea Berlin mwaka 1907. Mwaka uliofuata yeye na Hedwig walizuru Marekani na Japani, ambako Kitasato alimpokea mwalimu wake kwa heshima kubwa. Moyo wake ulikuwa umechoka. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66, mwili wake ukachomwa, na majivu yakawekwa katika jengo la taasisi aliyoianzisha Berlin, ambayo sasa inaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1912 wanafunzi wake, akiwemo mkwewe Eduard Pfuhl, mume wa Gertrud, walichapisha maandiko yake yote pamoja. Kimeta, kifua kikuu, kipindupindu, ripoti za Dar es Salaam, za Usambara na za Sese zimo humo. Miongoni mwa kurasa hizo za Kijerumani, pale anapoeleza homa ya wale wanaoshuka kutoka milimani, limechapwa neno mbu.